Likizo ya familia bila kwenda mbali: mwongozo kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Watu wanavuka bahari kuja kuona kile ambacho mkazi wa Arusha au Moshi anakiona akifungua dirisha. Hata hivyo zipo familia nyingi za hapa hapa ambazo watoto wao wanamaliza darasa la saba bila kuwaona twiga wa Momella wala kusimama chini ya maporomoko ya Materuni. Sababu inayotajwa ni hela. Hela ni kweli, lakini kwa raia kiingilio si kitu kikubwa. Kinachomaliza bajeti ni usafiri uliotafutwa asubuhi ya safari yenyewe, na njaa inayowashika watoto saa 7 mchana mbele ya banda la chipsi. Vishike hivyo viwili mapema na likizo inawezekana hata kwa familia ya watu sita yenye mshahara mmoja.

Mpango tunaoupendekeza ni kulala nyumbani na kutoka mara tatu ndani ya wiki moja, kila safari ikiwa ya siku moja na kwenda mahali pamoja tu. Kati ya safari na safari iwepo siku ya kupumzika. Siku hiyo nguo zinafuliwa, watoto wanalala mpaka watosheke, na mfuko unapumua. Usiku mmoja wa kulala nje unaongezwa mwishoni kama fungu limeruhusu. Kujaza sehemu mbili au tatu kwa siku moja ni kosa linalofanywa sana: unalipa viingilio viwili, unakula njiani mara mbili, na watoto wanakumbuka gari tu.

Chagua wiki kabla ya kuchagua mahali

Shule zetu zina likizo mbili zenye nafasi, ya Juni na ya Desemba, na kila moja ina tabia yake.

Juni na Julai ni miezi ya baridi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mawingu yanaweza kukaa juu ya mji siku nzima. Mvua za masika zimeshakatika, barabara za vumbi zinapitika, na mito bado ina maji mengi kwa hiyo maporomoko yamejaa. Ila maji ya mlimani wakati huo ni ya barafu. Mtoto akilowana Materuni saa 9 alasiri mwezi wa Juni, atarudi akitetemeka. Chemchemi za Chemka ndizo zinazofaa kipindi hicho, kwa sababu maji yake ni ya uvuguvugu mwaka mzima na kule chini kuna joto kuliko mjini.

Desemba jua linarudi, vuli inanyesha kwa vipindi, na hapo tatizo linakuwa watu. Kuanzia tarehe 20 hivi Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka kila kona ya nchi, na kabla ya hapo kuna kipaimara, ubatizo na harusi za kila Jumamosi. Noah zote zimeshakodiwa, hosteli zimejaa, na bei ya kila kitu imepanda. Wiki nzuri ni ya kwanza na ya pili baada ya shule kufungwa, Jumanne mpaka Alhamisi. Tarehe 20 ikishapita, tulia nyumbani usubiri Januari ianze. Siku chache kabla shule hazijafunguliwa kunakuwa shwari tena.

Usiipangie familia safari ya barabara ya udongo mwezi wa Aprili au Mei. Njia ya Chemka na njia za vijijini juu ya Moshi zinageuka tope linalonasa hata bodaboda.

Kama mnataka kuuona Kilimanjaro wenyewe, ondokeni alfajiri. Jua likishapasha misitu ya mlimani joto, mvuke unapanda na kuwa wingu. Siku nyingi, ikifika saa 4 asubuhi kilele kimeshafunikwa, na huenda kikafunguka tena jioni.

Gawa hela kwenye mafungu

Tuchukue mfano wa familia ya wazazi wawili na watoto wanne yenye laki tatu kwa safari tatu. Tungeigawa hivi: laki na ishirini usafiri, sabini chakula, sitini viingilio na waongozaji, hamsini akiba isiyoguswa. Ukiwa na laki moja na nusu, gawa kila fungu kwa mbili na ubadilishe mahali, usipunguze akiba peke yake. Akiba ndiyo inayolipa pancha, dawa ya tumbo, au bajaji ya kurudi pale daladala ya mwisho inapokuwa imeondoka.

Laki tatu kwa mkupuo ni ngumu. Kwa miezi sita ni shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa wiki ni kama 12,000. Iweke mahali ambapo haichanganyiki na hela ya matumizi: kibubu cha bati kisichofunguka bila kukatwa, au akaunti ya akiba ya simu. Kikoba kinafaa ikiwa mgao wenu unaangukia mwanzoni mwa Desemba au Juni. Ukiangukia mwezi wa pili baada ya likizo, hela itakuwa ada ya shule kabla hujajua.

Kila mtoto apewe hela yake mwenyewe mwanzoni mwa safari, elfu mbili zinatosha, na aambiwe ikiisha imeisha. Yule anayelilia kila kinachopita dirishani ataanza kupiga hesabu mwenyewe. Fungu la chakula lina amani zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kukatalia mara ishirini.

Usafiri: hapa ndipo pa kukaa chini na kalamu

Kwa watu wazima wawili na mtoto mmoja, daladala ni rahisi kuliko chochote. Watoto wakifika watatu au wanne wanaokaa viti vyao, fanya hesabu ya pande mbili kabla ya kuamua. Zidisha nauli kwa idadi ya viti, mara mbili kwa kwenda na kurudi, kisha ongeza bodaboda au bajaji za kipande cha mwisho, kwa sababu daladala hukuacha njia panda na si mlangoni. Jumla hiyo mara nyingi inakaribia bei ya kukodi Noah kwa siku, hasa mahali palipo mbali na lami. Mkiwa familia mbili za majirani mnaogawana Coaster, kukodi kunashinda moja kwa moja.

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Noah kwenye lami inakwenda kama kilometa 9 kwa lita. Kwenye vumbi na mlima inashuka. Kutoka Arusha mjini kwenda Hifadhi ya Taifa Arusha, kuzunguka Momella na kurudi, tenga kilometa 110, na kwa kuwa ndani gari linakwenda kwa gia ndogo, tenga lita 15. Tuseme petroli ni 3,000 kwa lita: ni 45,000. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa hiyo bei halisi ya wiki yako huhitaji kuibahatisha. Ukishaijua namba hiyo, dereva akikutajia bei unaweza kuona palepale kiasi gani ni mafuta na kiasi gani ni siku yake na gari lake, na mazungumzo yanakuwa ya heshima pande zote.

Mapatano na dereva yafanyike siku mbili kabla, na yawe ya wazi: "Kaka, ni mimi, mke wangu na watoto wanne. Tunaondoka saa 12 na nusu asubuhi, tunarudi kabla ya saa 12 jioni. Tunakwenda Momella tu. Hiyo bei ni pamoja na mafuta? Ukitusubiri je? Kiingilio cha gari getini nalipa mimi. Chakula cha mchana utakula nasi." Kila sentensi hapo inazuia ugomvi mmoja. Anayesahau kutaja kusubiri anadaiwa nyongeza jioni watoto wakiwa wamechoka, saa ambayo hakuna mzazi mwenye nguvu ya kubishana. Toa hela ya mafuta kabla, iliyobaki mkisharudi. Na kabla ya kutoa chochote, liangalie gari: tairi zenye kashata, tairi ya akiba yenye upepo, jeki, mikanda. Noah haipakii zaidi ya viti vyake. Trafiki wa barabara ya Moshi na Arusha hawakosi, na faini itaishia kwako.

Kwa wanaotumia daladala, kuna mambo mawili ya kujua. Jumapili asubuhi gari za milimani ni chache kwa sababu watu wako ibadani. Na Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru: magari hujipanga hapo barabarani, kwa hiyo pita kabla ya saa 3 asubuhi au jitayarishe kukaa. Kwa upande mwingine, siku hizo ndizo za kununua parachichi, ndizi na karoti za safari kwa bei ya mkulima.

Chakula: pika nyumbani, funga vizuri

Chakula cha hotpoti kikiharibika, siku nzima imeharibika, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Pilau ndiyo inayosafiri vizuri kuliko wali wa nazi. Nazi huchacha haraka, na wali wenye nazi uliopikwa alfajiri kwenye joto la Moshi unaweza kuwa umeanza kunuka saa 7. Kwa watu sita pika kilo moja ya mchele na nusu kilo mpaka robo tatu ya nyama, vitunguu vitatu vikubwa vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, na maji machache kuliko ya siku zote ili punje zikauke. Kilo moja ikiiva inahitaji hotpoti ya lita 5. Kabla ya kupakua, mimina maji yanayochemka ndani ya hotpoti, funika dakika tano, yamwage, kisha pakua pilau ikiwa inatoa moshi moja kwa moja kutoka sufuriani. Jaza mpaka juu. Nafasi tupu ndani ya hotpoti ndiyo inayopoza chakula. Funga na usifungue mpaka wakati wa kula. Mtu akifungua saa 4 "kuonja kidogo", joto limetoka, na chakula kinabaki vuguvugu, hali ambayo vijidudu vinaipenda zaidi kuliko zote. Kilichopikwa saa 11 alfajiri kiliwe kabla ya saa 7 mchana, na mabaki ya hotpoti yasirudishwe nyumbani kwa ajili ya usiku.

Kachumbari ikatwe hukohuko. Beba nyanya, vitunguu na ndimu nzima, kisu kimoja na ubao mdogo. Iliyokatwa nyumbani hutoa maji na kuchacha njiani.

Cha kuwatuliza watoto saa 4 ni maandazi. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa kama 30, yanatosha asubuhi na wakati wa kurudi. Ongeza mayai 12 ya kuchemsha, ndizi mbivu, na chupa ya chai. Maji ya kunywa yachemshwe jioni iliyotangulia na kuwekwa kwenye dumu safi la lita 20: watu sita watakunywa kama lita 12, zinazobaki ni za kunawa mikono. Sabuni ya kipande iwekwe kwenye soksi iliyofungwa kwenye shingo ya dumu, haitapotea.

Taka zote zirudi nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo beba kiroba kimoja kwa taka na kikapu kwa vyakula.

Upande wa Arusha

Kama mngeweza kwenda mahali pamoja tu, iwe Hifadhi ya Taifa Arusha. Kutoka mjini unachukua barabara ya Moshi, unakata kushoto Usa River, na kabla saa moja na nusu haijaisha uko geti la Ngongongare. Hakuna simba humo, jambo ambalo baadhi ya watu hulalamikia. Lakini kwa familia ndiyo sababu hifadhi hii ina utulivu wake. Twiga ni wengi na wako karibu na barabara, pundamilia na nyati wako uwanda wa Serengeti Ndogo hatua chache tu baada ya geti, na kwenye msitu kuna mbega weusi kwa weupe wenye mikia kama mashungi. Mwonyeshe mtoto jinsi ya kuwatafuta: asitafute nyani, atafute mkia mweupe unaoning'inia kwenye majani.

Maziwa ya Momella yana magadi, na kila moja lina rangi yake kutokana na madini na mwani uliomo. Wanyama hawayategemei kwa kunywa, ila heroe huyafuata kwa chakula. Shuka kwenye maeneo yaliyoruhusiwa tu, na kula kwenye sehemu za mapumziko zilizotengwa. Funga vioo vya gari mnapokula nje, maana tumbili na nyani wa hapo wanakifahamu kikapu. Ngurdoto ni kasoko (shimo la volkano) ambayo hairuhusiwi kushukwa, unaitazama ukiwa ukingoni. Njia yake inapanda, na Noah ya chini itasumbuka mvua ikinyesha. Ikiwa kumenyesha usiku, baki Momella.

Kuhusu malipo: hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu getini. Unapewa namba ya malipo ya serikali na unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo hela iwe tayari kwenye simu na chaji iwepo. Bei ya raia ni kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya anayolipa mgeni wa nje, lakini uraia unathibitishwa: watu wazima wabebe kitambulisho cha NIDA. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wakubwa kidogo wana bei ya watoto, kwa hiyo piga picha vyeti vya kuzaliwa uviweke kwenye simu. Mtoto wa miaka 14 aliyerefuka atahesabiwa mtu mzima ukikosa karatasi. Gari lenye namba za Tanzania hulipiwa kwa shilingi kulingana na uzito wake. Matembezi ya miguu na askari mwenye silaha, na kupiga kasia Momella Ndogo, ni malipo ya pembeni. Yaulizie kabla ya kuwaahidi watoto.

Familia isiyo na uwezo wa gari la kukodi bado ina njia. Magari ya abiria yanayokwenda Ngare Nanyuki hupita barabara inayokatiza hifadhini, kwa hiyo mtoto anayekaa dirishani anaweza kuona twiga kwa nauli tu. Huwezi kushuka wala kusimamisha gari, lakini kwa safari ya kwanza ya mtoto mdogo inatosha kabisa.

Ziwa Duluti ni safari ya nusu siku na ni ya bei nafuu. Unashuka Tengeru na kutembea au kuchukua bodaboda. Ni ziwa la kasoko lililozungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na njia ya kulizunguka inatembeleka hata na mtoto wa miaka sita, taratibu, saa moja na nusu. Kuna kenge wakubwa wanaoota jua kwenye magogo, na ndege wa kila aina. Si mahali pa kuogelea: kingo zinashuka ghafla. Vaa viatu vya kufunga, kwani mizizi imejaa njiani. Watoto wa sekondari wapelekwe pia kwenye makaburi ya Wapolandi hapo Tengeru. Wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland waliishi hapo kuanzia 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ni somo la historia ambalo darasani linapitiwa juujuu.

Kwa mjini, Makumbusho ya Elimu Viumbe yako ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, na Makumbusho ya Azimio la Arusha yako karibu na mnara wa Mwenge, Kaloleni. Yote mawili yanatembeleka kwa asubuhi moja kwa miguu. Waambie watoto kabla ya kuingia Azimio lilikuwa nini na kwa nini tarehe 5 Februari 1967 inatajwa, vinginevyo wataona picha za wazee tu.

Upande wa Moshi

Chemka, au Kikuletwa, iko wilaya ya Hai, upande wa kusini wa Boma Ng'ombe. Daladala za Arusha na Moshi zote zinapita Boma. Kutoka hapo ni bajaji au bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Patana na wa kukurudisha kabla hajaondoka, mpe saa, chukua namba yake, na usimlipe safari ya kurudi mpaka arudi. Jumamosi na Jumapili pamejaa watu na muziki. Jumanne kabla ya saa 4 asubuhi mnaweza kuwa peke yenu.

Maji ya Chemka yanatoka ardhini yakiwa meupe kama kioo, na hapo ndipo hatari ilipo: unaona mchanga wa chini kama uko magotini kumbe ni kina cha kuzamisha mtu mzima. Hakuna upande mpana wa kina kifupi wa kuachia watoto wacheze. Kodi boya kwa kila mtoto asiyejua kuogelea, hata kama amesema anajua, na mzazi mmoja abaki nje ya maji akiwahesabu muda wote. Wazazi wapokezane kila nusu saa. Kamba ya kurukia ni ya vijana wanaoogelea vizuri. Samaki wadogo watawachokoa miguu, hawana madhara, ila mtoto asipoambiwa mapema atapiga kelele na kumeza maji. Mtu asiingie majini na tumbo lililojaa pilau: ogeleeni kwanza, mle baadaye, muondoke.

Materuni iko Uru, kama kilometa 15 juu ya mji, na daladala zipo. Kutoka mahali pa kulipia ni mwendo wa dakika 45 hivi kwa miguu kati ya migomba na mikahawa mpaka kwenye maporomoko yenye urefu wa mita 80 hivi. Njia ya mwisho ni utelezi, na manyunyu yanalowesha mtu aliyesimama mbali. Kila mtoto awe na sweta na fulana kavu kwenye mfuko usiopitisha maji, wavae raba zenye meno, si ndala. Mtoto aliye chini ya miaka mitano utambeba kurudi. Wenyeji hufundisha pia kutwanga, kukaanga na kupika kahawa; ni jambo zuri ila linalipiwa pembeni, kwa hiyo sema tangu mwanzo kwamba ni wenyeji, mnataka bei ya wenyeji, na mtaje mnachokitaka: maporomoko tu, au na kahawa. Bei ya mtu mmoja na bei ya kundi hutofautiana, omba ya kundi.

Marangu inafikika kwa Coaster kutoka stendi ya Moshi kupitia Himo mpaka Marangu Mtoni, na maporomoko ya Kinukamori yako mwendo mfupi kutoka hapo. Yapo maporomoko kadhaa eneo hilo na kila moja lina kiingilio chake. Chagueni moja. Mapango ambayo Wachagga walijichimbia kujificha nyakati za vita huwavutia watoto kuliko maporomoko ya pili.

Msitu wa Rau uko pembeni kabisa mwa mji, tambarare, kivuli tele, na unafaa kwa baiskeli. Kuna mvule mkubwa ambao familia nzima ikishikana mikono haitauzunguka. Ukitokea kwenye mashamba ya mpunga, watoto wasiingie kwenye mifereji hata kama wenzao wa hapo wamo: maji yanayotembea polepole ya skimu za chini ya Moshi yana kichocho. Mbu nao ni wengi kuanzia saa 11 jioni, muwe mmeshatoka.

Usiku mmoja nje

Mahali rahisi pa kulala ni kwa ndugu, na kwa wengi hapa ni kwa bibi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Iwe safari yenye heshima yake. Mpigie simu wiki moja kabla, useme mnakuja wangapi na mnaondoka lini. Anayefika na watoto wanne bila taarifa anamlazimisha bibi kuchinja kuku aliyemtunzia shughuli nyingine. Bebeni sukari kilo mbili, mchele kilo tano, mafuta ya kula lita mbili, sabuni na majani ya chai, na mashuka yenu. Watoto wapewe kazi: kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji, na kati ya Julai na Desemba kuchuma kahawa iliyoiva, nyekundu tu. Mtoto wa mjini akila mtori aliousaidia kumenya ndizi zake, anajua nyumbani kwao ni wapi.

Hosteli za makanisa ni chaguo la pili, safi na tulivu, nyingi haziruhusu pombe. Gesti zilizo karibu na baa ziepukwe hata zikiwa nusu ya bei. Unapopiga simu uliza mambo manne: chumba kinaruhusu watu wangapi, godoro la chini linaongezewa bei gani, chandarua kipo, na kifungua kinywa ni cha wangapi. Nyumba nyingi husema chumba ni cha wawili, na familia inaishia kulipia vyumba vitatu. Vyumba viwili vya kupakana na godoro moja la nyongeza vinatosha watu sita. Lipa usiku mmoja ukifika, usilipe siku mbili kabla ya kuona choo.

Mvua ikinyesha

Jioni ya kuamkia safari mpigie mtu aliye kule, dereva wa bajaji wa Boma au mwongozaji wa Materuni, umuulize njia ikoje. Akisita, badilisha. Maporomoko na Chemka yanaahirishwa. Baada ya mvua kubwa juu mlimani mto unaweza kujaa wakati mlipo kuna jua, kwa hiyo mkiona maji ya maporomoko yamegeuka rangi ya udongo, toka na watoto mara moja, vitu vibaki. Siku hiyo ifanyeni ya makumbusho kwa walio Arusha. Kwa walio Moshi, pandeni Coaster mpaka Marangu Mtoni, mle ndizi nyama kwenye mgahawa wa hapo, mrudi. Barabara ni lami mwanzo mpaka mwisho. Pilau iliyokwisha pikwa iliwe barazani, saa ileile iliyopangwa.